Mwaka Uliopita Bila Hodi

Mume wangu aliamua kufa mwezi wa Agosti.

Si kwamba alikuwa mgonjwa. Moyo wake mzima, sukari hana, na mahamri anakula manne na bado anauliza kama mbaazi zimebaki. Lakini Agosti ile angetimiza miaka sitini na tatu, na wanaume wa kwao hawavuki hapo. Babake, Mzee Taib, alifariki na sitini na tatu. Babu yake pia. Na kwa kuwa huo ndio umri aliofariki nao Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, watu wa mtaani walilisema jambo hilo kwa heshima, kana kwamba ukoo ule ulitunukiwa. Fuad alilisikia tangu mdogo, kwenye matanga na kwenye harusi, likamkaa.

Mimi naitwa Nasiha. Nimeolewa naye tangu nikiwa msichana, na tunakaa kwenye nyumba ya ghorofa katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Nikwambie kweli, mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kuishi na mwanamume anayejiandaa kufa huku ana afya kunishinda mimi kulitaka kunitia wazimu.

Alianza polepole. Kanzu zake nzuri akawagawia wapwa zake, mpaka Ijumaa moja akakosa ya kuvaa, ikambidi aende kumwomba mmoja wao amwazime. Nilipotaka tubadilishe godoro, maana la zamani limeingia shimo katikati na usiku twagongana vichwa, aliniambia, "Godoro jipya la nini, Nasiha? La miezi saba?" Alinunua sanda, akaikunja vizuri, akaiweka kabatini juu ya shuka zangu za wageni. Nikaihamisha. Akairudisha. Ndivyo tulivyoishi.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni macho.

Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Kwanza aliacha gazeti, na gazeti ndilo lililokuwa starehe yake tangu alipostaafu ukarani bandarini. Kisha akaacha msahafu, akawa anasoma zile sura anazozijua kwa moyo tu, zikiisha anaanza tena. Mwishowe nikagundua kwamba ananitambua kwa sauti. Nikipita mbele yake kimya anauliza, "Nani huyo?" Siku moja tukiwa Ndia Kuu alishuka barabarani mbele ya tuktuk iliyosheheni magunia, dereva akakata kona mpaka akaparuza ukuta. Fuad akabaki pale akiomba radhi, uso ameuelekeza upande ambao hapakuwa na mtu. Nilipofika nyumbani niliingia jikoni nikalia.

Mpangaji wetu wa juu, Nekesa, ni muuguzi katika hospitali moja ya macho hapa kisiwani. Kwao ni Bungoma, ni mtu wa kanisa, na amekaa nasi kiasi cha kwamba adhana ikilia yeye mwenyewe huteremsha sauti ya redio yake. Jioni moja alishuka na tochi ndogo, akammulika Fuad jicho moja, akammulika na la pili.

"Baba Swabaha, hili ni jambo dogo," alisema. Swabaha ni binti yetu, ameolewa Malindi. "Unafanyiwa asubuhi, kesho yake unaona. Lakini tusichelewe. Akikomaa sana huyu mtoto wa jicho, hata daktari mzuri anaweza kushindwa, na hapo jicho limekwenda."

"Mwanangu," Fuad akamjibu kwa upole, "macho ya nini kwa mtu anayeondoka?"

Nekesa akanitazama mimi. Nikamweleza habari ya sitini na tatu, nami sauti yangu ikipanda kila neno. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Babu yangu hakujua mwaka aliozaliwa," alisema. "Alijua rika lake tu, watu aliotahiriwa nao. Ukimwuliza umri anakutajia rika, na mazungumzo yameisha. Hakuna aliyeweza kumpangia mwezi wa kufa."

Fuad alicheka, akamsifu babu huyo, asibadilike hata kidogo.

Basi Nekesa akatuambia kwamba madaktari bingwa wangefika hospitalini kwao mwanzoni mwa Shaabani, na kwamba amekwisha kumwekea Fuad nafasi, Jumanne. Wakiondoka hawarudi mpaka mwakani. Sasa umwambie nini kuhusu mwakani mtu ambaye kalenda yake inaishia Agosti? Fuad aliinua mabega, akaomba chai.

Usiku huo sikulala vizuri, na si kwa ajili ya godoro. Yeye aliogopa Agosti, mimi niliogopa miaka itakayokuja baada ya Agosti. Nilijua hatakufa. Nilijua atafika Septemba akiwa mzima kabisa na kipofu kabisa, madaktari wameshakwenda zao, na mimi nimshike mkono mpaka mmoja wetu azikwe.

Siku mbili kabla ya ile Jumanne akaniambia anataka kwenda mtaa wa Bondeni kumtaka radhi shangazi yake. Nikavaa buibui upesi kuliko siku zote. Nilitumaini kikongwe yule atamgombeza akili zimrudie.

Bi Tumu ni dada mkubwa wa marehemu Mzee Taib. Mwenyewe umri wake hautaji. Ukimwuliza anakuuliza kama unataka kumposa. Nilikuwa na kinyongo kidogo naye, maana mwaka juzi alizuka na tabia ya kupiga simu kila alfajiri, hata jiko sijawasha. "Fuad kaamka?" Kaamka, shangazi. "Haya." Anakata. Kila siku iliyojaliwa na Mungu, mwaka mzima. Nilimwambia Fuad, shangazi yako uzee umemfika kichwani. Kisha ghafla simu zikakoma, nami nikamshukuru Mola kwa usingizi wangu.

Tulimkuta amekaa barazani kwa mjukuu wake, sahani ya tambuu pembeni, anasikiliza kisomo redioni. Fuad akapapasa mpaka akaupata mkono wake, akaubusu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wapapasa kama mtu aingiaye gizani? Hayo mato hujaenda kutezamwa?"

"Nimekuja kukutaka radhi," alisema Fuad.

"Radhi ya nini? Umenikosa nini mara hii?"

"Safari yangu imekaribia."

"Wenda wapi? Umra?"

Fuad alikohoa. "Agosti natimiza sitini na tatu, shangazi. Kama baba. Kama babu. Nataka nikiondoka niwe sina deni la mtu moyoni."

Bi Tumu aliizima redio. Alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Nasiha, huyu kaanguka wapi?"

"Hajaanguka, shangazi. Ndivyo alivyo tangu mwaka ulipoanza."

"Ewe Fuad," akasema, "ni nani alokwambia babako kafa na sitini na tatu?"

"Watu wote wasema."

"Watu wote walisikia kwa nani? Kwa mie. Taib nimembeba mgongoni, ni mie niliyekuwa namhisabia miaka yake, na siku ile yuafa, mvua za El Nino, waliniuliza mie, nikawaambia sitini na tatu. Na mie sihisabu kwa Agosti. Agosti siijui. Mie nahisabu kwa mwezi, kama alivyonifunza mamangu."

Mimi bado sikuona tunakwenda wapi.

"Weye walizaliwa Mfungo Sita," Bi Tumu akaendelea. "Twalikuwa kwenye Maulidi ya wanawake, marashi yanapitishwa, akaingia mtu akaninong'oneza kwamba mke wa Taib kajifungua mwana mume. Tangu mwaka ule, kila Maulidi yakisomwa, mie nasema moyoni, mwana wa Taib kapata mmoja. Maulidi haya yaliyopita nimesema sitini na nne."

"Sitini na nne," Fuad akarudia.

"Sitini na nne. Na kidogo juu yake, maana sasa tuko Shaabani."

Ni jambo ambalo kila mtu wa mji huu analijua. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani, unapungua kama siku kumi na moja, na kwa miaka sitini hizo ni karibu miaka miwili. Ndiyo maana Ramadhani haikai mahali pamoja, mara inakuja na jua kali, mara inakuja na mvua za masika. Nimefunga maisha yangu yote nikiiona ikihama. Fuad naye vivyo hivyo. Lakini yeye alitumia ujana wake wote bandarini, akihesabu siku za meli na siku za mshahara, na umri wake alikuwa akiuhesabu hukohuko, kwa hesabu ya ofisini. Ile sitini na tatu ya babake aliipokea kama alivyoambiwa, na mimi niliipokea kwake, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza ni sitini na tatu za hesabu gani.

"Basi kwa hesabu yetu ya kazini," Fuad akasema polepole, vidole vyake vikicheza juu ya goti, "baba alikuwa..."

"Kwa hiyo yenu hata sitini na mbili hakufika, maskini. Mjukuu wangu kanipigia hisabu hiyo."

"Mimi nina sitini na mbili na nusu."

"Mie sijui nusu," alisema Bi Tumu. "Najua kwamba umempita kwa hisabu yoyote uitakayo."

Kisha sauti yake ikabadilika. Nilimjua mwanamke huyu kwa ukali na kwa mzaha, sikuwahi kumsikia akizungumza hivyo.

"Wadhani nilikuwa siogopi?" alisema. "Ulipoingia sitini na tatu yako, Maulidi ya mwaka juzi, nilishikwa na baridi. Babangu imemwondoa. Ndugu yangu imemwondoa. Sikumwambia mtu, maana jambo kama hilo ukilitamka ni kama kuliita. Nikawa kila alfajiri nikimaliza kuswali nauliza, Fuad kaamka? Nikiambiwa kaamka, nashukuru, nangojea alfajiri nyengine. Mwaka mzima nimekulinda kwa simu. Maulidi yalipokuja ukapata sitini na nne, nililia mpaka watu wakadhani ni mapenzi ya Mtume. Na yalikuwa hayo pia."

Mimi niliinamisha kichwa. Niliyakumbuka yale mazungumzo ya alfajiri, "kaamka, haya," na jinsi nilivyokuwa nikiirusha simu kitandani kwa hasira. Nilimwendea nikambusu mkono, na machozi yangu yakamlowesha vidole, akaniambia niache ujinga.

Fuad alikuwa hajasogea.

"Sasa nitakufa lini?" aliuliza, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Mie n'tajuaje?" Bi Tumu alisema, akaiwasha redio yake. "Ngojea kama watu wengine."

Tulirudi kwa miguu, mkono wake begani kwangu. Njia nzima nilikuwa nikiupekua mwaka ule kichwani. Mwaka aliouogopa tangu utotoni ulikuwa umeingia nyumbani kwetu, ukakaa, ukala nasi, ukaondoka, na hatukuuona. Tulifanya nini? Tulikwenda Malindi mjukuu wetu akitoka arubaini. Masika yalipovuja kwenye jiko la uani, alipanda paani mwenyewe na macho yake hayo, nami nipo chini nashika ngazi, namwombea dua na kumtukana kwa pumzi moja. Alikula pweza akaugua tumbo. Tuligombana juu ya chumvi. Tulifunga Ramadhani, tukala Idi. Kila usiku wa mwaka ule alilala kando yangu na kila asubuhi akaamka, na mimi nilidhani ni kawaida. Kichochoro nilichopita maisha yangu yote nilikiona kirefu, na watu waliokaa vibarazani, vijana kwa wazee, niliwatazama nikashangaa kwamba wote wameamka leo.

"Nasiha," Fuad akasema mlangoni. "Sitini na tatu yangu nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa ukinisumbua," nikamwambia.

Aliingia ndani, akashika ukuta wa ngazi, akapaza sauti kuelekea juu. "Nekesa! Ewe Nekesa! Jumanne ni saa ngapi?"

Nilisikia viti vikisukumwa huko juu, kisha hatua zikishuka mbio.

Jumanne walimfanyia jicho la kulia, wakasema la kushoto litafuata siku chache baadaye. Usiku ule alilala na kitambaa usoni, nami nikawa naamka kila mara kuhakikisha hajalilalia jicho. Asubuhi tulirejea hospitalini. Nekesa mwenyewe ndiye aliyembandua kitambaa, akamsafisha jicho, akamwambia alifungue taratibu.

Fuad alilifungua. Alitazama ukuta. Alitazama sare ya Nekesa, akasema, "Kumbe ni ya buluu." Alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku. Kisha akanitazama mimi.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimewaza jicho litapona, atasoma gazeti, hatagongwa na tuktuk. Sikuwaza kwamba litanitazama. Nilijikuta navuta ushungi mbele, kama siku ile ya kwanza alipoletwa kwetu kuniona.

"Nasiha," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Nini?"

"Kwamba umezeeka."

Nekesa alishika mdomo. Mimi ningeweza kumjibu maneno mawili matatu ya kumkaa, na yalikuwa kinywani tayari, lakini nilipouona uso wake yakayeyuka. Alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama bahari kwa mara ya kwanza. Hakuwa akisikitika. Alinyoosha kidole akagusa mikunjo ya pembeni mwa jicho langu, mmoja mmoja, mbele ya muuguzi na wagonjwa wote, mtu ambaye miaka yote hii hadharani hata mkono hanishiki.

"Mashaallah," alisema kwa sauti ya chini. "Mashaallah."

Nyuma ya pazia pale chumbani palikuwa na beseni la kunawia, na juu yake kioo. Nekesa alimwambia akanawe mikono aangalie asimwagie maji jicho. Akaenda. Nikasikia maji yakifunguliwa, kisha yakifungwa. Nilingoja. Nilipoona haji nikamfuata.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono inachuruzika maji.

"Njoo umwone," alisema.

"Nani?"

"Baba."

Nikasogea nikasimama kando yake. Nilimkumbuka vizuri Mzee Taib, mimi ni mkwe wake, nilimpikia. Paji ni lile lile, pua ni ile ile, na ile hali ya mdomo kutaka kucheka kabla ya neno. Lakini Mzee Taib alikwenda na ndevu bado nyeusi, zina mvi chache tu kidevuni. Hizi zilikuwa nyeupe zote. Mashavu yalikuwa yameshuka. Chini ya macho palikuwa na vifuko ambavyo mkwe wangu hakuwahi kuwa navyo.

"Huyu ni yeye, lakini hapa hakufika," Fuad alisema. "Hivi ndivyo angalikuwa. Mimi namwona na yeye mwenyewe hakujiona."

Jicho lake jipya likajaa machozi. Nekesa akapiga kelele kutoka nyuma kwamba asilifute, asilifute, ayaache yateremke yenyewe. Akayaacha. Yakateremka mpaka kwenye zile ndevu nyeupe, naye akiyatazama yanavyoteremka.

"Hakuna mwanamume wa kwetu aliyefika huku, Nasiha," alisema. "Si babu, si baba. Sina wa kumwuliza kukoje."

Nilimfunga kifungo cha kanzu, ile ya kuazima, nikamwambia twende nyumbani, njiani tupitie kununua godoro.